IC-705 haidekodi FT8 baada ya kuapdeti femuwea, tatizo ni redio au saa?

waya_mrefu

Wakuu habari za jioni, naomba msaada maana huku nilipo hakuna fundi wa hivi vitu na mahamu (waendesha redio za ridhaa) wenyewe nchi hii ni wa kuhesabu. Nina Icom IC-705, redio ndogo ya kurushia na kupokea, naitumia na laptopu ya Windows na WSJT-X (programu ya kurusha na kusoma FT8, zile jumbe fupi za kidijitali za hewani) kwa kebo moja tu ya USB, antena ni waya wa nusu wimbi nautupia juu ya mti. Kabla ya kupanda huku milimani Lushoto nikasema ngoja niapdeti femuwea kwanza, nikashusha faili kwenye tovuti ya Icom, nikaliweka kwenye memori kadi, ikaenda vizuri mpaka mwisho, redio ikajizima ikajiwasha yenyewe. Halafu kuna mtu alishaandika mahali kwamba ukimaliza kuapdeti piga na All Reset ili iwe safi, nikapiga.

Sasa kufika huku nawasha 14.074 MHz, masafa ya FT8, kwenye ile skrini ya rangi ya WSJT-X naona kabisa mistari ya watu imejaa, mlio wa FT8 nausikia, lakini haidekodi hata mmoja. Hata mmoja! Kidirisha cheupe tu. Na saa ya redio pale juu inaonyesha masaa matatu nyuma, nimeirekebisha kwa mkono ikakaa sawa, nikiwasha GPS tu inarudi tena matatu nyuma. Nimeiweka saa ya redio sambamba na ya simu mpaka sekunde na bado dekodi hakuna. Ni femuwea imeharibu au? Mtandao huku unakuja na kuondoka, nikichelewa kujibu msinune.

antena_juu

Pole mkuu. Mimi ningerudisha femuwea ya zamani tu, hizi apdeti zinazinguaga sana. Kitu kinafanya kazi unakigusa cha nini.

MzeeWaMita20

Mkuu usirudishe kitu chochote. Femuwea ingekuwa imeharibika usingeona hiyo mistari wala kusikia huo mlio. Sauti imetoka kwenye redio ikafika kwenye laptopu, WSJT-X ikaichora, hapo redio imeshamaliza kazi yake. Kilichobaki ni saa, na siyo saa ya redio, ni SAA YA LAPTOPU. Hiyo 705 hata ukiiandikia leo ni mwaka juzi FT8 itadekodi kama kawaida, kwa sababu WSJT-X haiiulizi redio ni saa ngapi, inaiuliza Windows. Kwa hiyo ulivyoilinganisha redio na simu mpaka sekunde, kwa upande wa FT8 hakuna kilichobadilika.

Sababu yenyewe ni hivi. FT8 (ya Joe Taylor na Steve Franke, imetoka 2017, na huyo Taylor ndo yule mwenye Nobeli ya fizikia ya 1993) muda wake umekatwa vipande vya sekunde 15, yaani kila dakika wanaanza kwenye sekunde ya 0, 15, 30 na 45. Anayerusha anarusha kwa sekunde 12.64 halafu ananyamaza, na kwenye hicho kimya ndo kompyuta za wengine zinapiga hesabu amesema nini. Saa yako ikipishana na ya wenzako zaidi ya sekunde mbili na kitu hivi, programu inautafuta mwanzo wa ujumbe mahali ambapo haupo, ndo maana unaona mistari na huoni maneno. Mistari imejaa dekodi sifuri, mara nyingi sana ni saa, kabla hujafikiria kitu kingine.

Na laptopu kupotea ni kawaida kabisa. Kristali ya saa ya kompyuta ikikosea sehemu 20 tu kwa milioni, kwa siku ni kama sekunde 1.7, na Windows yenyewe inaoanisha saa mara moja moja tu na mpaka iwe na intaneti. Umekaa porini siku mbili laptopu bila mtandao, umeshatoka nje ya mstari.

Dawa ya haraka, washa hotspoti ya simu mtandao ukitokea hata kama ni dhaifu, fungua Command Prompt kwa haki za administreta uandike w32tm /resync, ikisema huduma haijawashwa andika kwanza net start w32time halafu urudie. Bando halitaliwa, pakiti ya NTP (njia ya kuoanisha saa kwa intaneti) ni baiti 48 tu, hata mtandao wa kobe unaipitisha. Dekodi zikianza kuja angalia ile safu imeandikwa DT, yaani ujumbe umepishana na saa yako kwa sekunde ngapi. Karibu kila mtu akiwa na +1.2 ujue saa yako inawahi kwa sekunde 1.2, wote wakiwa -1.2 wewe unachelewa. Ukimuona mmoja peke yake ana DT ya ajabu huyo ana shida zake mwenyewe, muache.

Masaa matatu ya redio ni jambo jingine kabisa. All Reset imekufutia setingi zote na UTC Offset ikiwemo, kwa hiyo GPS inaiambia redio saa ya UTC (saa ya dunia nzima, iko matatu nyuma ya yetu) na redio haijui kwamba uko Afrika Mashariki. Nenda MENU, SET, Time Set, weka UTC Offset +3:00, usiiguse tena, na GPS Time Correct iache kwenye Auto. Halafu kwa kuwa reset imekurudisha mwanzo, ingia MENU, PRESET, chagua FT8, itakupangia modi ya data na filta kwa mpigo mmoja badala ya kuanza kusaka kimoja kimoja. Kuapdeti femuwea hakuhitaji All Reset mkuu, aliyeandika hiyo sijui aliitoa wapi.

waya_mrefu

Mzee shukrani sana, UTC Offset imekubali, saa ya redio imetulia hata GPS ikiwa imewashwa. Kwenye laptopu ndo bado, simu ina H kidogo halafu inapotea kabla w32tm haijajibu, inaleta kosa la muda kuisha. Kesho nahamia upande wa pili wa mlima na huko najua mtandao hakuna kabisa. Hamna njia ya bila intaneti? Na redio yenyewe nilitaka iunganike kwenye hotspoti ichukue saa kwa NTP, mbona haiioni hotspoti yangu wakati laptopu inaiona?

kisodaji_msa

Hapo kwa hotspoti ni rahisi bwana, 705 inajua WiFi ya 2.4 GHz peke yake. Simu nyingi za sahii zinatoa hotspoti ya 5 GHz, ingia kwa setingi za hotspoti uchague 2.4 na itaiona hapo hapo. Lakini kama Mzee alivyosema hiyo itakupa saa nzuri ya redio tu, laptopu itabaki vile vile.

Bila intaneti kuna njia ya macho. Watu wa FT8 wote wanaanza pamoja na kumaliza pamoja, si ndio, sasa itazame ile skrini ya rangi huku unaangalia sekunde za laptopu. Saa ikiwa sawa wanaanza kama nusu sekunde baada ya 0, 15, 30, 45. Ukiona kwa saa yako wanaanza sekunde ya 3, basi unawahi kama mbili na nusu, rudisha saa kwa mkono, bahatisha, zikianza kuja dekodi za kwanza DT itakumalizia kazi yenyewe. Ni njia ya kubabaisha lakini imeniokoa sana, na uzuri wake haijalishi ukweli ni saa ngapi, unafuata wenye wako hewani. Usijaribu tu kuweka saa kwa ile milio ya redio ya FM kabla ya taarifa ya habari, na kwa king'amuzi ndio kabisa, matangazo mengi yanazungushwa kwa satelaiti kabla hayajakufikia na unakuta umechelewa bila kujua. Bora WWV, stesheni ya Marekani ya kutangaza saa, kwa 10 au 15 MHz ukibahatika kuisikia, hiyo inapiga sekunde moja moja hewani moja kwa moja na 705 yako inafika huko bila taabu.

Ila Mzee nikupinge kidogo hapo kwa saa ya redio kutohusika. Kwa FT8 na laptopu sawa kabisa. Mimi nina QMX ya QRP Labs, ile ndogo ya kujisodea mwenyewe, na hiyo inaweza kurusha WSPR (ishara za kupima mawimbi yako yanafika wapi) peke yake bila kompyuta, naiacha juu ya paa na betri inaita usiku kucha. WSPR vipande vyake ni dakika mbili mbili, inaanza sekunde moja baada ya dakika shufwa na inarusha sekunde 110.6, hapo hakuna Windows wa kuulizwa, saa ni ya redio au hakuna kitu. Ukiizima ukaiwasha lazima uipe saa upya, kwa hiyo mimi nimeifungia moduli ndogo ya GPS iipe saa na mahali ilipo. Kwa apdeti nayo ni tofauti na yenu, haina kadi, unaiweka kwa hali ya apdeti, kwa kompyuta inatokea kama flashi diski, unaburuta faili unaliweka ndani, inajiwasha na femuwea mpya. Sijui kwa nini kampuni kubwa hazifanyi hivyo.

MzeeWaMita20

Umenikamata vizuri, WSPR ya kujitegemea sikuifikiria. Na kwenye 705 yenyewe saa bado ina kazi zake, ukirekodi mazungumzo kwenye kadi mafaili yanapata tarehe na saa kutoka humo, ikikosea utatafuta rekodi ya jana kwenye mwezi uliopita.

@waya_mrefu kwa kuhama kesho, GPS unayo tayari ndani ya hiyo redio. Hiyo kebo moja ya USB inapoingia kwenye Windows inatoa porti mbili za COM, moja WSJT-X inaitumia kuiendesha redio, ya pili imekaa bure. Kwenye menyu tafuta USB (B) ifanye kazi gani, uipe GPS, na GPS Out uielekeze huko. Kisha kwenye laptopu weka programu ya kusoma GPS na kusahihisha saa, mimi natumia BktTimeSync, ipe ile COM ya pili na uiendeshe kama administreta maana bila hivyo Windows hairuhusu mtu kugusa saa. Ishushe leo wakati bado una hiyo H yako. Wasio na 705 wananunua kile kidude cha GPS cha USB kama flashi, kazi ni ile ile. Hakitakupa mikrosekunde, sentensi za GPS zinachelewa kidogo kwenye waya, ila kwa FT8 ni zaidi ya kutosha.

mpemba_muscat

Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat na hino njia ya GPS ndiyo nnayoitumia tukitoka kwenda jangwani, ni nzuri, ila kuna jambo moja dogo la kulijua kabla hujaiamini. Saa ya GPS na UTC si kitu kimoja. GPS haikubali zile sekunde za nyongeza zinazotiwa kwenye UTC kila baada ya miaka, na tangu tarehe 1 Januari 2017 ipo mbele kwa sekunde 18. Kipokezi kinatakiwa kizipunguze, na hiyo habari ya kupunguza ngapi inatoka kwenye satelaiti yenyewe, lakini ujumbe wa satelaiti ukizunguka wote ni dakika 12 na nusu. Kwa hivyo kuna vipokezi vikiwa vimelala muda mrefu, ukiviwasha dakika za mwanzo vinakupa saa ambayo si sahihi na alama ya kuwa vimepata satelaiti ishawaka.

Sasa tia hesabu. Ukiwa mbele kwa sekunde 18, kwenye FT8 kumi na tano zinaliwa na kipande kizima, zinabaki 3. Yaani utaona mistari na hutoona dekodi, ugonjwa ule ule wa ndugu yetu, na wewe umeshajiaminisha kuwa saa yako ya satelaiti haiwezi kukosea. Tunachofanya sisi ni kuiwasha GPS mwanzo kabisa pahala penye mbingu wazi, ndipo tunatundika waya na kutia chai, tukimaliza robo saa imeshapita na saa imeshakaa sawa. Na ikishakusawazishia laptopu unaweza kuizima GPS, inakula betri bure.

dogo_wa_redio

Samahani naingilia uzi, nami nina 705 ya kuazima na nataka kuiapdeti lakini redio hailioni faili kabisa. Kadi nimenunua ya GB 64 mpya. Faili nimelitoa kwenye zipu nimeliweka. Na umeme huku ni wa kukatika katika naogopa ikifia katikati.

MzeeWaMita20

GB 64 ndo tatizo mdogo wangu. Hiyo redio inakubali microSD mpaka GB 2 na microSDHC za kuanzia 4 mpaka 32, hapo juu haihusiki nazo. Tafuta ya 8 au 16, hata ya zamani iliyotoka kwenye simu, iformati NDANI YA REDIO siyo kwenye kompyuta, redio itajitengenezea folda zake, mojawapo inaitwa IC-705, na faili la .dat unaliweka humo ndani, usiliache nje na usilibadilishe jina. Kabla ya yote hifadhi setingi zako kwenye kadi kwanza, maana ya kuazima si yako, mwenyewe akikuta memori zake za masafa zimepotea utaeleza vipi. Halafu MENU, SET, SD Card, Firmware Update, inakupa maelezo marefu, yasome, kisha unashikilia YES.

Umeme usikutishe, hiyo ni redio ya betri. Chaji betri fulu, ukipenda na 13.8 za nje ziwepo juu yake, umeme ukikatika haitajua. Kitu cha kuogopa ni mkono wako mwenyewe kuzima kwa sababu skrini imekaa muda bila kubadilika. Iache. Ikimaliza inajiwasha, nenda Others, Information, Version uhakikishe namba imebadilika.

antena_juu

Mimi bado nasema kitu kinafanya kazi unakiacha. Ukisoma Icom wameandika apdeti inaleta nini na hakuna kinachokuhusu, ya nini?

MzeeWaMita20

Hilo sikupingi, na ndo sababu ya kusoma wameandika nini kabla ya kushusha. Ninachopinga ni kuapdeti siku ya safari. Ukiapdeti wiki moja kabla unapata muda wa kukaa nayo mezani ukajua nini kimehama.

bibi_wa_mawimbi

Naomba na mimi nijisaidie humu humu. Dekodi zangu zinakuja vizuri kabisa, DT zote ni 0 nukta kitu, nafanya QSO (mawasiliano) na watu, lakini kwenye LoTW, ile logi ya mtandaoni ya kuthibitisha mawasiliano, konfemisho hazitokei hata za watu ambao najua wanapandisha logi kila siku. Laptopu ni ya mtumba, saa yake ipo sawa na ya ukutani. Iko wapi shida?

kisodaji_msa

Dada, hebu angalia saa ya WSJT-X pale chini kushoto, ile kubwa, hiyo ni UTC. Sahii kwako ni saa ngapi na pale imeandika ngapi? Inafaa iwe masaa matatu nyuma ya saa yako. Saa 3 asubuhi ya kwetu pale lazima isome 06.

bibi_wa_mawimbi

Imeandika sawa sawa na ya ukutani. Hakuna tofauti.

kisodaji_msa

Basi imepatikana. Laptopu ya mtumba imekuja na kanda ya saa ya huko ilikotoka, nadhani Uingereza wakati wa baridi au mahali penye UTC, na mtu akaisogeza saa kwa mkono mpaka ikafanana na ya ukutani. Windows inaamini hiyo ndiyo UTC. FT8 haijali kwa sababu masaa matatu ni vipande kamili vya sekunde 15, haviachi baki, ndio maana dekodi na DT ni safi kabisa. Lakini kila QSO imeingia kwa logi masaa matatu mbele, na LoTW inataka saa yako na ya mwenzako zisipishane zaidi ya dakika 30. Wewe umepishana na dunia nzima.

Badilisha kanda ya saa iwe Nairobi (ndivyo Windows inavyoiita ya Afrika Mashariki, hata ukiwa Dodoma au Kampala), kisha uoanishe saa kwa intaneti, usiguse tena kwa mkono. Logi za nyuma usizitupe, programu nyingi za logi zinaweza kusogeza saa ya QSO nyingi kwa pamoja, ondoa matatu kwa zote halafu upandishe upya. Angalia sana zile zilizoandikwa kati ya 00:00 na 02:59, hizo ukiondoa matatu zinaangukia TAREHE ya jana, na kuna programu ukiibadilishia saa inasahau tarehe.

mpemba_muscat

Na huku kwetu ni manne, msije mkachukua logi ya mtu wa Oman mkaipunguza matatu. Tulikuwa na mgeni kutoka Dar akarusha na sie akaacha laptopu yake kwenye saa ya Dar, hakukuwa na tatizo lolote, maana UTC ni ile ile na kanda ni ya kuonyesha tu. Tatizo huja mtu akiigusa saa badala ya kuigusa kanda.

waya_mrefu

Nipo upande wa pili wa mlima, nimepata H ya dakika chache niwape mrejesho. USB (B) imetoa GPS, BktTimeSync imeisoma kwenye COM ya pili, nikasubiri robo saa kama alivyosema ndugu wa Muscat ndo nikairuhusu isahihishe. Laptopu ilikuwa imechelewa zaidi ya sekunde tatu. Dekodi zikamwagika hapo hapo, DT kati ya 0.1 na 0.3, na kwa wati 5 za betri nimeshapata Italia, Uturuki na Japani. Dada wa LoTW na mimi nimeangalia yangu, kanda ni Nairobi. Niko 21.074 mpaka saa 11 jioni, mwenye antena aniite.